Tabia Njema na Kazi za Jamaa
Maneno yaliyosemwa mbele ya jumuiya ya Waislamu wa Macaloe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waheshimiwa mashekhe na walimu wetu wa vyuo, wazee wangu, ndugu zangu wanaume kwa wanawake, nanyi wanangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, nimetakiwa na wazee wa jumuiya yetu niseme machache juu ya tabia njema na namna ya kuipanda katika nyoyo za vijana. Jambo hili twalisikia kila Ijumaa. Hapana mtu katika sisi asiyejua kuwa khiyana ni mbaya na uaminifu ni mwema. Basi sikuja kuwafundisha mlijualo. Nimekuja kuuliza kwa nini lile tulijualo kwa masikio halishuki mpaka mikononi.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alilishughulikia swali hili katika Ihya yake, pale alipozungumza juu ya kuilea nafsi. Maana ya maneno yake ni kwamba tabia hupatikana kwa kutenda na kurudia kutenda. Bahili atakaye kuwa karimu na atoe kama atoavyo mkarimu, ijapokuwa moyo wamuuma, mpaka kutoa kuwe ndiyo maumbile yake. Kisha akataja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: shekhe mwenye kuona, rafiki msema kweli, ulimi wa adui, na kuchanganyika na watu. Katika hizo nne hapana hata moja ipatikanayo kwa kujifungia chumbani. Ajabu ni kwamba hata adui amemtia katika walimu!

Naye Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwalea Sahaba zake kwa khutba peke yake. Mwaka wa 5 wa Hijra (627), Madina ilipojiwa na majeshi ya makabila, na shauri la Salman Mfursi la kuchimba handaki likakubaliwa, alichimba yeye mwenyewe na kubeba mchanga pamoja na watu wake, na njaa imewashika wote.

Sisi watu wa visiwa tumepewa chuo cha namna hiyo pwani. Juya halivutwi na mtu mmoja, na likisha kuvutwa, huja mtihani ulio mzito zaidi, nao ni kugawa. Niruhusuni nieleze jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa kijana, nahodha wetu aliniamini kugawa samaki. Ada yetu ilikuwa chombo na nyavu hutolewa fungu lao kwanza, kisha mabaharia hupata mafungu yao sawasawa. Siku moja samaki walikuwa wachache, nami nikapenyeza tasi wawili wanene chini ya fungu la mjomba wangu, ambaye nilikuwa nikila kwake. Nilidhani hapana aliyeona. (Mjomba wangu naye aliwala wale tasi bila ya kuuliza; Mungu amrehemu.) Usiku, baada ya Isha, tukakaa barazani kama desturi yetu. Nahodha hakuuliza nani kaiba. Aliuliza, “Leo nani kapata fungu dogo?” Watu wakanyamaza. Mwisho kijana mmoja yatima, kazi yake kukumba maji chomboni, akasema kwa sauti ndogo, “Langu mimi, lakini latosha.” Nahodha akamshukuru Mungu, akaingia katika habari ya tanga lililochanika.

Usiku ule sikulala. Alfajiri nilimwendea nahodha nikamweleza. Akaniambia, “Mbona waja kwangu? Fungu halikuwa langu.” Ikanibidi nimwendee yule yatima, na hatua zile chache za mchangani zilikuwa ndefu kuliko safari yoyote niliyopata kusafiri. Akacheka. Kumbe alijua tangu mwanzo, alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu siku ile nimegawa samaki mara nyingi, na kila mara nasikia kama kwamba yuko nyuma yangu.

Wazee wangu, nayasema haya kwa kuwa baraza zile tuliziacha zikafa, na wengine wakaja wakafungua zao. Kabla ya tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, watu wa pwani hii walikwisha kuona vijana wakijitenga na misikiti ya wazee wao na kuwaita wazazi wao makafiri. Walimu waliwakanya. Hayo yaliyofuata mwayajua, hata mji ule ukatekwa mwaka 2020 na kukaa mwaka mzima, mpaka Agosti 2021, ndipo ukakombolewa. Umasikini ulikuwako, dhuluma ilikuwako, na kila mtu ana hesabu yake ya sababu. Mimi natazama fungu letu sisi. Vijana wale walipata wenzao, na kazi, na mtu wa kuwauliza habari zao kila jioni. Walivipata kwa watu waovu na kwa jambo ovu, lakini walivipata. Sisi tulikuwa tukiwapa nasaha.

Kwa hiyo jamaa pia huweza kuharibu, na yatupasa tuwe na kipimo. Kipimo changu ni hiki: je, mkubwa wa baraza naye huulizwa? Palipo na mkubwa asiyeulizwa, mwondoe mwanao upesi.

Tena tusisahau mema. Oktoba 2020 watu zaidi ya elfu kumi walifika kwa mashua katika ufuo wa Paquitequete, Pemba, wakikimbia vita. Wako waliokufa maji njiani. Wenyeji wa mtaa ule ni watu wa hali ya chini kama sisi, wavuvi wengi, nao waliwapokea, vibanda vidogo vikalaza jamaa tatu na nne. Ukarimu wa namna ile hauzuki siku moja.

Shauri letu, basi, ni kila mzee achukue vijana kumi hivi, wafanye kazi moja ya watu kila wiki, kisha waketi pamoja. Kina mama na binti zao watakuwa na baraza yao, wakirudi kuokota chaza bamvua likitoka, chini ya mwalimu wao mwanamke. Katika kikao hapana kumtaja mwenzio kwa aibu yake, maana hiyo ni ghiba. Wala mtu asifichue dhambi yake ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri. Litaulizwa swali lile la nahodha, na mzee atakuwa wa kwanza kujibu. Kisha isomwe Surat Al-Asr, kama ilivyopokewa kuwa Sahaba wawili walipokutana hawakuwa wakiachana mpaka mmoja amsomee mwenzake, na watu watawanyike.

Kazi ya kwanza ni mashua ya yule mjane wa upande wa kusini, ambayo yataka kupandishwa juu kabla kusi halijashika nguvu. Jumamosi hii ni bamvua, maji yajaa alfajiri. Tutakutana pale mara baada ya swala. Magogo ya kuviringishia yako tayari. Ninyi vijana wa mlangoni, leteni kamba.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.