Printa Iliyogoma Nkololo

Juma hili nazungumzia printa. Wapo watakaosema mtangazaji ameishiwa habari. Nisikilizeni kwanza.

Nkololo, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, nilimkuta kijana mwenye duka la steshenari. Kompyuta yake anaiendesha kwa Linux, na sababu anazo. Hailipii leseni, na flashi za wateja, zinazobeba virusi vya Windows kama mbwa abebavyo kupe, hazimsumbui. Lakini alipochomeka printa mpya aliyoinunua mjini, ikagoma. Mwalimu alikuwa amesimama pale akisubiri kuchapiwa mtihani wa darasa zima. Mwisho akapanda bodaboda kwenda Bariadi, na pesa ya siku ile ikaondoka naye.

Fundi mmoja akamshauri kijana afute Linux, aweke Windows ya kunakili. Ushauri huo ndio ulionikera, maana printa haikuwa mbovu, wala Linux haikuwa na kosa.

Kila kifaa kinahitaji kiendeshi, yaani programu inayoielekeza kompyuta jinsi ya kuzungumza nacho. Mitaani tunaiita draiva. Kwenye Linux, viendeshi vingi vimo tayari ndani ya kiini cha mfumo, kiini alichokianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na ambacho maelfu ya watu wamekiendeleza. Kampuni ikitoa maelezo ya kifaa chake, watu hao huandika kiendeshi. Ikiyaficha, hulazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huko humwangukia mwenye duka wa Nkololo.

Ugomvi huu ni wa zamani. Karibu mwaka 1980, Richard Stallman wa chuo cha MIT, Marekani, alinyimwa maandishi ya programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Alitaka tu kuirekebisha. Kisa hicho kilichangia yeye kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Printa, jamani!

Kijana wetu hakufuta kitu. Aliandika amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa, na jina la printa likatokea. Kumbe waya ni mzima, kilichokosekana ni kiendeshi. Sidii iliyokuja na printa ilikuwa ya Windows pekee. Kupata intaneti nako ilikuwa shida, kwani kadi ya wai-fai nayo ilikuwa imegoma. Akachomeka simu yake ya Android kwa waya wa USB, akaruhusu kompyuta itumie intaneti ya simu, na Linux ikaitambua papo hapo. Akapakua kiendeshi kwa watengenezaji wenyewe. Kilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyemwambia.

Lugha haikuwa kikwazo chetu. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tunachopungukiwa ni wauzaji wanaojua wanachouza.

Basi ukienda dukani, beba flashi yenye Linux. Mfumo huu huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Omba uchomeke printa, ukurasa mmoja utoke, ndipo utoe pesa. Muuzaji atakunja uso. Mwache akunje, duka la pili halipo mbali.