Babu Yangu Alikuwa Namba: Tuwaulize Wazee Kabla Hawajaondoka

(Maneno niliyoyasema kwenye mkusanyiko wa Watanzania hapa Pearland, Texas. Nayaweka hapa kwa walioomba, na kwa ndugu zetu wa nyumbani.)

 

Nimepewa dakika kumi niongee kuhusu historia yetu. Mimi si mwanahistoria, ni muuguzi. Kazini kwangu mgonjwa akifika tunamuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na magonjwa ya ukoo. Basi na mimi naanza na swali. Ni wangapi humu ndani wanajua jina la baba wa babu yao, na kijiji alichozaliwa babu? Miaka mitatu iliyopita mimi nisingenyoosha mkono.

Kilichoniamsha ni simu kutoka Muheza. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia pasipoti. Akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Akajibu Kigoma. Kigoma sehemu gani? Hakujua. Afisa akamwambia, "Wengi mnasema Kigoma, kumbe mmetoka Burundi." Jalada likawekwa kando.

Tusikasirike kwanza, tuangalie sheria. Siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, mtu wa kawaida aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Baba zetu walizaliwa kwenye kambi ya mkonge miaka ya 1950. Bibi yetu alitoka Msumbiji. Kwa hiyo uraia wa ukoo mzima unamtegemea babu, mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, ambaye hakuacha hata karatasi moja. Na kama kaka yangu si Mtanzania, mimi ni nani? Msidhani haya ni ya watu wadogo tu. Mwaka 2001 serikali ilimtangaza Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mbunge wa zamani, kuwa si raia.

Nikamsimulia mwenzangu wa zamu, dada Mmarekani mweusi. Akacheka, akasema, "Jumamosi twende wote." Akanipeleka Clayton Library, Houston, maktaba ya umma ya kutafuta koo. Ni barabara ile ile ya 288 ninayopita kwenda kazini, na sikuwahi kujua ipo. Unaingia bure, huulizwi wewe ni nani.

Akanionyesha orodha ya watumwa ya sensa ya 1860. Juu limeandikwa jina la mwenye mali. Chini yake watu wamepangwa mstari kwa mstari: umri, jinsia, rangi. Majina hakuna. Tangazo la uhuru wao lilisomwa Galveston, mwendo usiofika saa moja kutoka hapa tulipo, tarehe 19 Juni 1865, na ni katika sensa ya 1870 ndipo wengi wao walipoandikwa majina kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza, sasa kabla ya hapo mnafanyaje? Akasema wanafuata makaratasi ya bwana: wosia, mauzo, madeni. Yeye aliandika mali zake, na wao wamo humo.

Nilirudi nyumbani nikiwa kimya. Nilimkumbuka babu. Alikuwa manamba. Neno hili tunalitumia kama utani, lakini maana yake ni watu wa namba. Chama cha wenye mashamba ya mkonge kilianzisha ofisi yake ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Wakakusanya vijana kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, wakawasafirisha hadi mashambani. Kila mmoja alikuwa na namba, na kadi ya kipande iliyowekewa alama kwa kila siku aliyofanya kazi. Siku 30 zikitimia ndipo analipwa. Sisemi manamba walikuwa watumwa. Waliingia mkataba na walilipwa, ingawa kidogo. Nasema hivi: serikali ilimjua babu yangu kama nguvu ya kazi, na ndivyo ilivyomwandika.

Nilipopata likizo nilikwenda Upanga, Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa. Ndugu zangu, niliingia na matumaini makubwa mno. Nilidhani nitafungua jalada nikute jina lake. Nilikuta barua za maafisa kuhusu idadi ya wanaume waliokwenda, posho, mahema ya njiani, na malalamiko kwamba vijiji vinabaki na wanawake na wazee. Siku tatu nilisoma, babu sikumwona. Siku ya nne nikapanda basi la Muheza kwenda kwa shangazi.

Shangazi ana miaka zaidi ya 70. Nilimuuliza babu alisema nini kuhusu kwao. Akasema hakumbuki kijiji, ila anakumbuka kitu kimoja: babu alikuwa akichekwa kambini kwa sababu alisema mwami wa kwao ni mwanamke. Wenzake walidhani anawatania.

Nikarudi Upanga na kitu hicho kimoja. Safari hii nilijua cha kutafuta. Alikuwepo kweli: Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru, wilaya ya Kasulu, na ambaye aliingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria. Kigoma nzima ikawa Heru. Kutoka hapo nikaenda kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia za kule. Katika kimoja alikuwemo kijana mwenye jina la Kiha la babu, amebatizwa, jina la baba yake, jina la kilima chao. Kambini alikuwa na jina jingine, na aliposilimu Muheza akapata la tatu. Bila shangazi nisingejua kwamba majina yote matatu ni mtu mmoja.

Jalada la kaka bado halijafungwa. Amepeleka nakala, anasubiri. Lakini sasa akiulizwa Kigoma sehemu gani, ana jibu.

Kwa hiyo nina mambo matatu. Kwanza, wazee wetu wahojiwe sasa. Simu uliyo nayo inarekodi. Usimuulize mzee "tuambie historia", atakuambia amesahau. Muulize walicheka nini, waliimba nini, walimwogopa nani. Pili, kipande, kadi ya kodi, cheti cha ubatizo, picha ya studio, vipigwe picha, na jina na mwaka viandikwe. Tatu, tuzitumie nyaraka za taifa. Sheria ya mwaka 2002 inafungua kumbukumbu za umma baada ya miaka 30. Hizo ni mali yetu, na tusipozisoma hakuna atakayeona hasara zikiliwa na mchwa.

Na asitokee mtu akasema makaratasi ya zamani hayana kazi. Mwaka 2011 Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha majalada ya makoloni yake, baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki London. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Ushuhuda wa wazee na majalada ya wakoloni vilikwenda mahakamani pamoja.

Shangazi yangu bado yupo. Wa kwako je? Ukitoka hapa leo, kabla hujalala, piga simu nyumbani. Kule kutakuwa kumekucha.