Bega Ndilo Mota
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Makongolosi)



Katika mji huu, ulio ndani ya eneo la dhahabu ya Lupa lililochimbwa tangu miaka ya 1920, sina haja ya kueleza karasha laweza kuufanya nini mkono wa binadamu. Nitasema juu ya mkono wa bandia unaofuata, na hasa kile kinachouendesha.

Siku hizi husifiwa mikono yenye mota na betri. Sina ugomvi nayo. Lakini mota haipatani na vumbi wala maji, na betri hudai umeme kila mara. Iko njia kongwe zaidi. Mwaka 1912 Mmarekani D.W. Dorrance, ambaye mwenyewe alipoteza mkono kiwandani mwa mbao, alipata hati ya uvumbuzi wa ndoano mbili za chuma zilizobanwa pamoja kwa mpira. Waya, mfano wa ule wa breki ya baiskeli, hutoka kwenye ndoano hadi mkanda unaozunguka bega la pili. Mtu akisukuma mkono mbele, waya huvutika na ndoano hufunguka. Akilegeza, mpira huzifunga. Bega ndilo mota. Tena aliyeuvaa huusikia mvuto wa waya mwilini, akajua ndoano imefunguka kiasi gani hata bila kuitazama. Kasoro yake nayo isifichwe: mkanda huchubua kwapa, na wapo wanaouvua wasiuvae tena.

Seremala wa Afrika Kusini, Richard van As, aliyekatwa vidole mwaka 2011, alishirikiana na Mmarekani Ivan Owen kutengeneza vidole vinavyovutwa kwa kamba kila kifundo cha mkono kinapokunjwa. Michoro yao waliitoa bure. Asiyebaki na kifundo aweza kurudi kwenye bega.

Kupima na kuvisha kiungo ni kazi ya wataalamu, na chuo cha TATCOT, pale KCMC Moshi, kimewafundisha tangu 1981. Lakini Moshi ni mbali sana kutoka hapa. Waya ukikatika Jumatatu, mwenye mkono atangoja nauli hadi lini? Fundi baiskeli wa sokoni aweza kuubadilisha siku ileile, iwapo ameonyeshwa. Naomba walimu wa fizikia na ufundi walioko hapa wakubali kumwonyesha, na halmashauri inunue waya na mpira wa akiba.