Biskuti za Wakati wa Baridi, na Jiko la Makaa

 

Mwezi wa Julai ukifika, watu wa Limuru, Kinangop na Molo hukaa na ukungu hadi saa nne za asubuhi. Wakati kama huu kikombe cha chai hakitoshi, kinataka kitu cha kutafuna. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya kubadilishana biskuti mlizooka wenyewe nyumbani. Kule Marekani marafiki hufanya hivyo mwezi wa Desemba, ambao kwao ni wa baridi. Baridi yetu huku ni kuanzia Juni hadi Agosti, na chama chenu kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Hesabu yake ni rahisi. Mkiwa sita, kila mmoja aoke biskuti 30 za aina moja, azifunge sita sita. Akimpa kila mwenzake fungu moja, naye atarudi nyumbani na biskuti 30 za aina tano: za nazi, za njugu, za unga wa wimbi, na kadhalika. Usijali kama huna oveni. Sufuria kubwa yenye mchanga, jiko la makaa chini na makaa machache juu ya kifuniko, biskuti zitaiva vizuri.

Lakini hilo jiko ndilo limenileta hapa studio leo. Akina mama sita wamekaa katika chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia ili baridi isiingie, na jiko liko katikati wakiota moto. Makaa yanapoungua hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ambayo mwili unaihitaji. Mtu huanza kuumwa na kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, kisha usingizi. Wengine hufikiri ni uchovu wakajilaza, na hapo ndipo mauti huja.

Kuna wanaosema kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Si kweli. Gesi hiyo bado inatoka hata kama huoni moshi. Wengine huweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini maji yatainyonya. Hayainyonyi. Mama mjamzito yuko katika hatari zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia pia.

Kwa hivyo, mama, okea nje au kwenye jikoni iliyo wazi. Mkikutana, jifunikeni leso na sweta, na jiko libaki nje. Usiku usilale nalo ndani hata kidogo. Na ukimkuta mtu amelegea karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpelekeni hospitali, hata kama amezinduka na kusema yuko sawa.

Sasa biskuti zenyewe. Njugu zichaguliwe moja moja. Zilizoota ukungu, zilizonyauka au zilizobadilika rangi zitupwe, usimpe hata kuku. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Njugu pia hupata sumu hiyo, na joto la kuoka haliimalizi.

Maji ni baridi, najua, lakini mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukanda unga. Aliyekuwa akihara au kutapika asioke mpaka siku mbili zipite baada ya kupona. Wenzake wampelekee fungu lake nyumbani.

Kila fungu liandikwe kilichomo. Kuna watu ambao njugu au mayai huwafanya wavimbe midomo na kushindwa kupumua, na huyo anahitaji hospitali haraka. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, zinaweza kumkwama kooni. Na asali si ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Halafu kuna mwenzenu mwenye ugonjwa wa sukari. Asipochukua biskuti, tafadhali msimwambie anaringa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, hata aliye mzima wa afya, asizidishe vijiko vidogo 12 hivi vya sukari kwa siku, pamoja na ile ya chai. Wengine wetu tunaimaliza hiyo kabla ya saa sita. Punguzeni sukari kwenye unga, ongezeni nazi au ndizi mbivu, na chai mwekeeni kila mtu ajitilie sukari mwenyewe.

Biskuti zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, kwa maana zikiwa moto hutoa jasho na kuota ukungu. Ziweke katika mkebe wenye kifuniko kinachobana.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kikohozi cha watoto. Kwaheri kwa sasa.