Msomaji na Apewe Nafasi ya Kusema



Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ilionekana kueleza mambo ya mapenzi waziwazi mno, ikapigwa marufuku shuleni. Miaka ikapita, na riwaya hiyo hiyo ikaingizwa katika vitabu vya kutahiniwa sekondari!

Mtu akitoka Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, akapita Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, hukuta vitabu vikuukuu vimetandazwa kando ya njia. Wasomaji wa hapo hawana mtihani wa kuogopa. Ukizuka ubishi juu ya Rosa, mmoja atamlaumu Zakaria, baba aliyemchunga binti kwa ukali huku yeye mwenyewe akizama katika pombe. Mwingine atasema Rosa alikuwa na akili zake, basi ajibu mwenyewe. Wa tatu atakiri kwamba kitabu kilimchosha, akakiacha katikati.

Huyo wa tatu ndiye asiye na pa kusemea darasani. Mwanafunzi hunakili dhamira na wahusika kutoka katika kijitabu cha mwongozo. Mwalimu naye husahihisha kwa mwongozo huo huo. Alama hutolewa, na maoni ya mtoto hayakusikika hata kidogo.

Mwalimu na aulize: "Ulikipenda?" Akijibiwa "La", asikunje uso. Na aulize tena: "Ni ukurasa gani uliokuchosha, na kwa nini?" Hapo mwanafunzi atalazimika kukifungua kitabu upya.