Joto Lisilo na Kivuli



Mimi nilikulia Mwanza, na utoto wangu mwingi uliishia juu ya mawe. Asubuhi mijusi wa kule, madume wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu, hutoka katika nyufa na kujianika juani. Ikifika saa sita mchana na jiwe limeshika moto, huwaoni tena. Wamerudi kwenye nyufa. Mjusi hajitengenezei joto mwilini kama mimi na wewe. Hulifuata linapopatikana, na likimtosha hulikimbia. Kinachomwokoa ni miguu yake.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya kisa kilichonikuta Januari 2019, nilipokwenda Uingereza kumtembelea dada yangu. Mwanawe wa miaka 12 alikuwa akifuga mjusi wa asili ya Australia, ambaye wenyeji humwita joka lenye ndevu. Ni wa jamii moja na wale wa Mwanza. Kwa kuwa baridi ya kule haina mchezo, mjusi alikaa ndani ya sanduku la mbao lenye mlango wa kioo. Juu palikuwa na taa ya joto, na chini jiwe la bandia linalopashwa kwa umeme.

"Mjomba, tazama anavyolipenda jiwe lake," kijana aliniambia.

Kweli, hakubanduka. Siku ya tatu tulipomwinua, tumbo lilikuwa jekundu na magamba yamebabuka. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba mnyama huyu amezoea joto linalotoka juu, la jua, na si mwepesi wa kulikimbia jiwe linalomchoma tumbo. Kijana alilia. Jiwe likatupwa.

Kumbe hayakuwa yameisha. Taa ile iliongozwa na kidhibiti joto, yaani kifaa kinachowasha na kuzima chenyewe kwa kupima joto kupitia waya uliowekwa sandukuni. Jumamosi kijana alifanya usafi akasahau kuurudisha waya ndani. Kifaa kikawa kinapima baridi ya sakafuni, na taa ikaendelea kuwaka. Tuliporudi kutoka sokoni, hata upande wa baridi ulikuwa umefika nyuzi 39. Mjusi alikuwa amebana pua kwenye kioo, mdomo wazi. Tulizima taa, tukafungua mlango, akapona.

Ndugu msikilizaji, ikiwa wewe au jamaa yako anafuga mnyama wa namna hii, mweleze haya. Sanduku liwe refu, lenye upande wa moto na upande wa baridi. Kwa mjusi niliyemtaja, mahali pa kuota joto huwa kama nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili 22 hadi 26. Waya wa kidhibiti joto ufungwe imara ndani, usining'inie tu. Tena pawe na kipimajoto cha pembeni kila upande, kwa maana kidhibiti nacho kinahitaji wa kukichunga. Usipime kwa kiganja. Taa izungushiwe wavu ili mnyama asiiguse, na ishikiliwe na holda ya kauri, kwani ya plastiki huweza kuyeyuka. Nguo na karatasi zikae mbali. Na kifaa kipya kijaribiwe siku ambayo mtu anashinda nyumbani.

Pengine unasema, mimi na mijusi wapi na wapi? Lakini wangapi kati yetu tunalea vifaranga kwenye boksi chini ya balbu? Wakijikusanya chini ya taa, wanaona baridi. Wakiikimbia na kujibana ukutani, joto limezidi. Na boksi likiwa dogo, watakimbilia wapi?

Wahenga walisema mfungwa hachagui gereza. Basi anayemfunga ndiye wa kumchagulia. Ukimtia kiumbe sandukuni umemnyang'anya miguu yake, na ni juu yako kumrudishia. Anapompa joto, mfugaji ampe na kivuli. Yule mtoto alilipa jiwe lake kwa machozi, na mjusi kwa ngozi yake. Wewe umelisikia bure.