Gari la Vyuma Chakavu na Karakana Tunayoihitaji
Mazungumzo ya mafundi wa nyumbani mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imetutaka tuzungumzie lile gari dogo tunalolijenga. Wengi wenu mmekwisha kuliona au kuonyeshwa picha yake: gari la watu wawili, limelala karibu na ardhi, halina paa, na mpaka leo halijapigwa rangi. Wapo waliotutania kwamba tunataka kushindana na upepo wa Singida. Wapo pia waliouliza kwa uzito: zahanati zinahitaji mabati, vijana wanahitaji kazi, mafundi wanahangaika na gari la spoti la nini? Swali hilo ni la haki, na ndilo tulilokuja kulijibu.

Kwanza tuseme wazi: hatuombi fedha za gari. Gari tutalimaliza kwa mifuko yetu na jasho letu, hata likichukua mwaka mwingine. Tunaomba karakana. Ila gari hili ndilo lililotuonyesha, kipande kwa kipande, kile tunachokikosa nyumbani.

Tulianza na Toyota Mark II iliyopinduka. Bodi haikufaa tena, lakini injini, giaboksi, difu, stelingi na breki zilikuwa nzima. Magari ya namna hii hayajengwi kwa kuokota spea za magari kumi. Unatafuta gari moja lililokufa, ambalo viungo vyake vimekwisha kuzoeana, unavihamishia kwenye fremu mpya. Mark II husukumwa na magurudumu ya nyuma, nasi tulitaka hivyo. Fremu tuliiunga kwa mabomba ya mraba, yale yale ya kutengenezea mageti na madirisha. Injini iliyokuwa ikivuta watu watano na bodi nzito sasa itavuta watu wawili na fremu nyepesi. Mbio za gari zinatoka hapo. Injini yenyewe hatukuigusa.

Vikwazo havikukosekana. Cha kwanza kilikuwa nyaya. Injini ya siku hizi huendeshwa na kompyuta yake, na gari lilipotufikia nyaya zilikuwa zimekatwa na waliolipitia kabla yetu. Vijana walikaa nazo wiki nyingi, wakifuatilia waya mmoja mmoja kwa taa ya kupimia, na kuandika rangi zake kwenye daftari la shule. Leo wapo wawili kati yao wanaoitwa na wenye magari kutatua matatizo ya umeme, na wanalipwa.

Cha pili ni moto. Chuma kikichomelewa huvuta. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, fremu inajikunja, na gari litakula matairi maisha yake yote. Dawa yake ni kushika kwanza kwa vidoa vidogo, kupima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, kisha kuchomelea kwa zamu, huku na huku. Kazi hiyo inahitaji meza ya chuma iliyonyooka. Sisi tulifanyia chini, tukiweka vipande vya mbao na kupima kwa maji ndani ya mpira. Tulifika, lakini kwa siku nyingi.

Cha tatu ndicho kilichotusimamisha kabisa. Gari letu ni fupi kuliko Mark II, kwa hiyo propela shafti lazima ikatwe na kuungwa upya. Shafti hiyo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ikiungwa nje ya mstari kwa upana wa ukucha tu, itatetemeka mpaka ivunje beringi, na ikikatika gari likiwa mbioni ni hatari kwa aliyekaa juu yake. Kazi hii haifanywi kwa jicho. Inataka mashine ya kukereza vyuma, na baada ya hapo shafti ipimwe kama imesawazika. Sisi hatuna. Imebidi tusubiri fedha za kuisafirisha mbali, halafu msimu wa kilimo ukaingia na vijana wakaenda mashambani, na gari likabaki juu ya matofali.

Ndugu zetu, propela shafti ile ndiyo hotuba yetu yote. Mashine ya kukamua alizeti inapokwanguka skrubu yake katikati ya msimu, inataka mashine ile ile ya kukereza. Pampu ya mkulima wa vitunguu ikila shafti, inataka ile ile. Trekta, mashine ya kusaga na mkokoteni wa ng'ombe vinahitaji mikono ile ile. Singida mjini wapo SIDO na VETA, nasi tunajivunia. Lakini mkulima wa kwetu akibeba chuma chake mpaka mjini, analipa nauli na analala, na alizeti yake inamsubiri kwenye magunia.

Kujenga gari la spoti kwa mabaki si wazimu ulioanzia kwetu. Mwaka 1948 kijana wa London, Colin Chapman, alichukua Austin Seven kuukuu akaijenga upya kuwa gari la mashindano. Hakuwa na kiwanda. Alifanyia kazi kwenye gereji ya nyumbani. Kutokana na gari hilo ilizaliwa Lotus, ambayo baadaye ilitwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mara 7. Mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, alitoa kitabu cha kumwelekeza mtu kujenga gari la spoti kwa paundi 250, kwa viungo vya Ford Escort kuukuu na fremu ya mabomba ya mraba. Njia tuliyoifuata sisi ni hiyo hiyo.

Turudi Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani. Yalitengenezwa matano, na yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Hayakufika sokoni, kwa kuwa fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Wengi wanaishia hapo na kucheka. Lakini lile shirika la magari ya Nyayo ndilo lililogeuka baadaye kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya Nairobi inayochonga vipuri vya mashine. Gari lilikufa, mashine na ujuzi vikabaki.

Uganda, mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili tu. Kwa wakati ule mtu angeweza kuuliza, kama mnavyotuuliza sisi, gari la watu wawili litamsaidia nani. Mwaka 2016 mradi ule ulitoa basi la Kayoola, linalosaidiwa na umeme wa jua. Hapa kwetu Tanzania tunalo shirika la Nyumbu, kule Kibaha, lililo chini ya jeshi letu, ambalo lilitengeneza malori yenye jina hilo. Na Machi 2022, Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji tunayemfahamu sote, alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme lililomchukua miezi 11 kulitengeneza.

Katika mifano hiyo tunajifunza jambo moja. Gari la kwanza mara nyingi halimpatii mtu faida. Linalobaki ni karakana na watu waliofundishika ndani yake. Pasipo karakana, gari linabaki kuwa picha ya kuonyeshana kwenye simu.

Malighafi tunazo. Barabara kuu ya kwenda Mwanza inakatiza mkoa wetu, na wazee hapa wanakumbuka malori mangapi yalishindwa na mlima Sekenke. Kila wiki vyuma chakavu vinakusanywa vijijini, vinauzwa kwa kilo na kupakiwa kwenda kuyeyushwa mbali. Ndani ya mizigo hiyo mna difu nzima, giaboksi nzima na mota za umeme. Tunauza kwa kilo, halafu tunanunua vipuri kwa kipande. Vijana wetu nao wanapanda mabasi kufuata njia ile ile ya vyuma.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mashine moja ya kukereza vyuma, hata iliyotumika, mradi iwe nzima. Mashine ya kuchomelea na seti ya gesi. Drili ya kusimama, meza ya chuma iliyonyooka, na vipimo vya kuaminika. Paa juu yake na umeme wa kutosha. Bei za kila kifaa anazo Mweka Hazina, na kila mmoja wenu anaweza kuziona leo. Vifaa vitakuwa mali ya chama, vitaandikwa kwenye daftari la mali na kukaguliwa kila mwaka. Sisi tutafundisha bila malipo, wavulana na wasichana, na kazi za mashine za alizeti na pampu zitatangulia mbele ya gari letu. Mapato ya kazi hizo yatalipia umeme na matengenezo, ili mwakani tusirudi kwenu na bakuli lile lile.

Asiye na fedha ana lingine la kutoa. Gari lililokufa uani kwako, jenereta iliyoungua, vifaa vya marehemu mzee aliyekuwa fundi: tuleteeni, badala ya kuuza kwa kilo. Gari lije na kadi yake, tusije tukapokea mali yenye maswali.

Kwa wanaohofia usalama, tunawahakikishia kwamba gari halitaingia barabarani mpaka lipimwe na kukaguliwa kwa taratibu za nchi. Kwa sasa litajaribiwa uwanjani tu, mchana, pasipo abiria.

Ndugu zetu, tumeunga fremu kwa mbao na mpira wa maji. Tukipata mashine, vijana hawa watafanya zaidi ya hayo, na mkulima hatabeba tena skrubu yake begani kwenda mjini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bahasha ziko mezani kwa Mweka Hazina.